Lutindi, Irente na Mtoto wa Bulongwa

Ukitoka Bulongwa kwenda Lutindi, unaikata nchi karibu yote. Basi linaondoka Makete gizani, baridi ikiwa bado imekaa kwenye viti, linapita Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro. Chalinze unaipa mgongo njia ya Dar es Salaam, unashika ya kaskazini mpaka Korogwe, na hapo unaanza kupanda upya, safari hii milima ya Usambara. Mama yangu mdogo aliihesabu njia hiyo kituo kwa kituo na nauli kwa nauli, jioni moja, akiwa amekaa Bulongwa na mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa hasemi. Mvua ikipiga mabati aliziba masikio na kulia mpaka ikatike. Shuleni alikaa wiki mbili, akarudishwa. Mwinjilisti mmoja aliyewahi kutumika mkoa wa Tanga ndiye aliyemwambia, "Mama, huko Lutindi kuna hospitali ya kanisa letu. Mpeleke."

Hakumpeleka. Ila jina la Lutindi lilibaki nyumbani kwetu kama jina la ndugu anayeishi mbali, ambaye kila mtu anamtaja na hakuna aliyemwona. Mwaka 2026 taasisi hiyo inatimiza miaka 130. Nimeona niiandike historia yake kwa heshima, na pia kwa ajili ya swali ambalo mama mdogo hakupata wa kumjibu siku ile: je, hapo ndipo mahali pa mtoto kama huyu?

Lutindi haikuanza kama hospitali. Mwaka 1896 Wakristo wa Kiinjili wa Ujerumani waliokuwa wakiupinga utumwa walifungua hapo makao ya watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Serikali ya Kijerumani ilijinadi kuwa imekuja kuizima biashara hiyo, na kweli misafara ilinaswa, lakini utumwa wenyewe haikuupiga marufuku. Mashamba ya pwani yaliendelea kulimwa na watwana. Tanganyika ilisubiri mpaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo utumwa ukafutwa kisheria. Kwa hiyo watoto waliopandishwa Lutindi walikuwa wachache kati ya wengi. Wengine walichukuliwa wakiwa wadogo mno kuweza kusema kwao ni wapi. Mtu asiye na ukoo, katika nchi ambako ukoo ndio uliokuwa bima, shamba na jina, alihitaji zaidi ya chakula. Alihitaji mahali pa kuhesabiwa.

Waliotumwa kuwalea walikuwa mashemasi wa Bethel, na hapa sina budi kusimama kidogo, kwa sababu bila Bethel Lutindi haieleweki. Bethel ni mji wa huduma ulio kando ya Bielefeld, Ujerumani, ulioanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mwaka 1872 alifika hapo mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, akaugeuza kuwa kama kijiji kamili: mashamba, karakana, duka la kuoka mikate, kanisa, shule. Wenye kifafa na wenye ulemavu wa akili hawakulazwa tu vitandani wakisubiri siku zipite. Walifanya kazi, kila mmoja kwa kadiri yake, na jioni walirudi kwenye nyumba yenye baba na mama wa nyumba. Misheni ya Usambara ilikuwa imefungamana na mji huo. Ernst Johanssen na Paul Wohlrab waliofika Mlalo mwaka 1891 walikuwa wa misheni hiyo hiyo, na kituo kimoja cha milimani, Mtae, Wajerumani walikiita kwa jina la Bethel.

Basi shemasi Wilhelm Bokermann alipokuwa baba wa nyumba Lutindi, alikuja na mazoea ya kwao: watu wengi, nyumba moja, jembe mchana, sala jioni. Kama angekuwa daktari wa jeshi, au ofisa wa gereza, nadhani Lutindi ingekuwa kitu kingine kabisa.

Miaka ikapita, misafara ya watumwa ikapungua, watoto wakakua na kuoa. Nyumba zikabaki na nafasi. Wakati huohuo serikali ilikuwa na watu isiojua kuwaweka wapi. Katika miji ya pwani, mtu aliyerukwa na akili na kukosa ndugu wa kumshika aliishia gerezani, pamoja na wezi. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902, na Lutindi haikuwa tena mwisho wa dunia. Mwaka 1904 makao ya watoto yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, ilikuja mwaka 1910, na ile ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Wanaoiita Lutindi mama wa huduma ya afya ya akili katika nchi yetu wana haki ya kusema hivyo.

Lakini mama huyu aliwapokea watoto wote kwa jina moja. Katika zama zile, Ulaya na Afrika, mtu aliyesikia sauti zisizokuwapo, mtu aliyeanguka kifafa, na mtu aliyezaliwa na akili inayokwenda polepole waliingizwa mlango mmoja. Kiswahili chetu nacho hakikuwasaidia. Kulikuwa na kichaa, kulikuwa na taahira, kulikuwa na zezeta, na kijijini maneno hayo yalirushwa bila kupimwa. Tofauti yake si ndogo. Ugonjwa wa akili una siku ulipoanza. Unaweza kutibiwa, mtu akapata nafuu na kurudi kwao. Ulemavu wa akili hauna dawa ya kuumaliza, kwa sababu si homa iliyomshika mtu, ni namna ubongo wake ulivyokua. Anachohitaji ni mwalimu, muda, na watu wasiomchoka. Ukimlaza mtu wa namna hiyo hospitalini ukingoja apone, utangoja mpaka azeeke. Na katika mabweni ya karne iliyopita, duniani kote, wengi walizeeka hivyo.

Lutindi iliwapunguzia adha hiyo kwa sababu moja: ilikuwa na kazi. Hadi leo ukitaja Lutindi, watu wanaoifahamu watakutajia chai. Wapo wanaochuma, wapo wanaopalilia, wapo wa karakana ya seremala, wapo wa ufumaji na bustani. Leo kazi hizo zinaitwa tiba kwa vitendo na zina wataalamu wake waliosomea. Zamani ziliitwa kazi tu. Dawa ya kwanza ya kweli ya magonjwa makubwa ya akili ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Kwa hiyo kwa takriban nusu karne Lutindi haikuwa na kitu cha kumpa mgonjwa zaidi ya utaratibu wa siku: kuamka, kunawa, kula, kwenda shamba, kurudi na wenzake. Sitaki kulipamba jambo hili. Kazi ya mgonjwa ikikosa msimamizi mwema hugeuka kuwa utumwa mwingine, na mahali palipoanzishwa kwa ajili ya waliotoka utumwani ni lazima paulizwe swali hilo kila kizazi: anayechuma chai anachuma kwa faida yake au ya nyumba? Mimi naamini jibu linaonekana kwa mtu mwenyewe, kama anaamka akijua leo anangojwa mahali.

Vita vya kwanza vya dunia viliikuta Lutindi. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliitwaa Usambara, na miaka iliyofuata wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili viliwaondoa tena. Kila mara wenye makanisa, mashamba na wagonjwa walibaki kuwa Wasambaa na majirani zao. Historia nyingi za taasisi zetu huandikwa kwa kuhesabu Wazungu waliofika na walioondoka, na waliobaki wakipika uji hawapati hata mstari.

Miaka hiyohiyo, huko Bethel kwenyewe, giza liliingia. Chini ya sheria ya Hitler ya mwaka 1933, watu zaidi ya elfu moja wa Bethel walifungwa uzazi, kwa kuwa serikali iliwaona hawafai kuzaa. Kuanzia 1940 utawala ule ukaanza kuwaua watu wenye ulemavu na wagonjwa wa akili kwa hewa ya sumu, zaidi ya 70,000 katika muda wa chini ya miaka miwili. Mwana wa Bodelschwingh, aliyeitwa Friedrich kama baba yake, alipinga na kuchelewesha orodha za majina, na wengi wa Bethel walinusurika, ingawa baadhi ya wagonjwa wake Wayahudi walichukuliwa na kuuawa. Nimelitafakari hili mara nyingi. Nchi iliyotutumia mashemasi wa kuwalea waliotupwa ndiyo ilikuja kuwaita watu haohao mzigo wa taifa. Hakuna taifa lililozaliwa na huruma ikakaa.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. Lutindi ikawa ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na kule kwetu kusini, Bulongwa, iliyoanzishwa na misheni ya Berlin mwaka 1895, ikawa chini ya Dayosisi ya Kusini yenye makao Njombe kabla ya Kusini Kati kumegwa. Lutindi na Bulongwa zimepishana mwaka mmoja tu kuzaliwa. Mwaka huohuo wa 1963, Irente, juu ya Lushoto, dayosisi ikafungua shule ya wasioona; mwaka 1967 makao ya watoto wachanga waliofiwa na mama. Milima ile ikawa na mkufu wa nyumba za huduma, na kila nyumba mpya ilikuwa kama kukiri kwamba ile ya kwanza haikuwatosha wote.

Nchi nayo ilikuwa ikijifunza kuwatofautisha watu wake. Wasioona walianza kupata shule Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Viziwi walipata Tabora mwaka 1963. Wenye kifafa, huko Mahenge, walipata daktari Louise Jilek-Aall, mwanamke wa Kinorwe ambaye miaka ya 1960 ilipokuwa inaanza aliwakuta watu wamejaa makovu ya moto, kwa sababu aliyeangukia jikoni hakushikwa: majirani waliogopa mate yake. Alianzisha kliniki, akaanza kuwapa dawa, wakaanza kusogea wenyewe. Wenye ulemavu wa akili walikuwa wa mwisho. Elimu yao rasmi ya serikali ilianza mwaka 1982, miaka 32 baada ya Buigiri. Nadhani sababu ni kwamba mtoto asiyeona au asiyesikia humwonyesha mwalimu anachokosa, lakini mtoto wa namna ya mdogo wangu anamkasirisha mwalimu kwanza, na elimu yake inaanzia pale mwalimu anapoacha kukasirika.

Na usonji? Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore, aliandika habari za watoto 11 ambao walionekana kuishi peke yao hata wakiwa katikati ya watu, wanaoshikilia utaratibu wao na kuumia ukivunjwa. Kwa miongo mingi ilisemwa, hata na wasomi, kwamba Afrika haina watoto wa hivyo. Walikuwapo. Walikuwa wakiitwa mabubu, wenye mashetani, waliorogwa na mke mwenza, na wengine waliitwa wagonjwa wa akili na kupelekwa wanakopelekwa wagonjwa wa akili. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 20 wa Tanzania wenye usonji. Baadhi yao dalili zilikuwa zimejitokeza baada ya malaria kali. Neno lenyewe, usonji, bado ni geni vijijini. Lakini mama anayelipata neno hupumua, nimeona, kwa sababu neno humwondolea mashtaka.

Ndipo nifike Irente tena. Mwaka 2005 dayosisi ileile iliyoilea Lutindi ilifungua Shule ya Irente Rainbow, yaani Upinde wa Mvua, kwa watoto na vijana wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Kati ya 1904 na 2005 ni miaka 101. Tangu mlango mmoja wa watu wote hadi darasa dogo la watoto hawa tu, karne nzima, katika milima ileile. Miaka miwili baadaye, 2007, kilianza Magamba chuo kikuu kilichopewa jina la askofu Sebastian Kolowa, aliyeliongoza KKKT tangu 1976 hadi kifo chake mwaka 1992, na moja ya kazi kuu za chuo hicho ikawa kufundisha walimu wa elimu maalum. Kwangu huo ndio urithi mkubwa wa Lutindi kuliko majengo. Kitanda kinamhudumia mtu mmoja. Mwalimu aliyefunzwa anaweza kupanda basi.

Mmoja wa walimu hao, aliyesoma Lushoto, nilikutana naye Makambako, kwenye ukumbi wa kusubiria mabasi, nikamweleza habari za mdogo wangu. Hakuniuliza amepata maksi ngapi. Aliuliza analala saa ngapi, anapenda kushika nini, anaogopa sauti gani, nani anamwelewa zaidi pale nyumbani. Akanieleza kuhusu ratiba ya picha: unamchorea mtoto siku yake, ndoo, kisha sahani, kisha mkeka, umwonyeshe kinachofuata kabla hakijafuata, maana kinachomtesha mara nyingi ni kushtukizwa. Akasema kuvaa shati unaweza kukugawanya hatua sita na kufundisha ya mwisho kwanza, ili mtoto kila mara amalize yeye, aonje kumaliza. Basi lake likaita. Katika dakika zile chache alinipa zaidi ya nilichokuwa nimekisikia miaka kumi.

Kule kwetu hali ikoje? Bulongwa ina hospitali ya kanisa na chuo cha kufunza wauguzi. Wanging'ombe kuna kituo cha Inuka cha Jimbo Katoliki la Njombe, ambako watoto wenye mtindio wa ubongo hufanyishwa mazoezi tiba na wazazi hufundishwa kuyaendeleza nyumbani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto wetu na haki yake ya elimu na matunzo, na mwaka mmoja kabla yake Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Ila Makete ni milima. Kliniki inaweza kuwa mwendo wa nusu siku na mtoto mgongoni, na mtoto wa miaka saba habebeki kama wa miaka miwili. Mkoa wa Njombe, unaolisha nchi kwa viazi na mahindi, umekuwa miongoni mwa inayoongoza kwa udumavu: asilimia 53.6 ya watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2018, asilimia 50.4 mwaka 2022. Udumavu si ulemavu wa akili, lakini huula ubongo unaokua, na mtoto ambaye tayari ana shida ya kujifunza humwongezea mzigo. Kuna pia watoto waliochelewa kulia walipozaliwa, waliopata manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Hayo yanazuilika, na kuzuia kwake ni kazi ya mkunga, ya barabara, na ya baba anayeuza gunia la viazi na kukumbuka kuacha mayai nyumbani.

Jibu la swali la mama mdogo, basi, kwa jinsi ninavyoisoma historia hii, ni hapana. Lutindi haikuwa mahali pa mtoto yule. Hakuwa mgonjwa. Kama angefika mwaka 1904 angepokelewa kwa upendo na kuwekwa na wasio wenzake. Kama angefika leo, nadhani wangemsikiliza mama yake, kisha wangemwelekeza Irente, safari fupi katika milima ileile, lakini kutoka Bulongwa ingekuwa safari ndefu mno kwa mtoto wa Kikinga aliyemjua bibi yake kwa harufu ya shuka. Alichohitaji ni Irente kuja Bulongwa, walau kwa umbo la mwalimu mmoja.

Nilipofika nyumbani baada ya Makambako nilimweleza mama mdogo yote niliyoambiwa, naye akasikiliza akimenya viazi, bila kuinua macho. "Picha nitachora," akasema. "Hili la mvua nilishalimaliza." Nikamuuliza vipi. Akanyoosha kisu kuelekea jikoni, kibanda cha nje kilichoezekwa nyasi, ambako nilikuwa nimeona mkeka na blanketi nikadhani ni vya kuku na mtamba wa mbuzi. Mvua ikianza, mwanawe huchukua blanketi mwenyewe na kuhamia huko, kwa kuwa juu ya nyasi mvua haina sauti.

Ukutani siku hizi kuna michoro mitatu ya mkaa. Ndoo ameichora vizuri, sahani inafanana na mwezi. Mwaka jana kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama kilimpangia zamu ya kuezeka jiko kwa bati, na mafundi walifika asubuhi na mabati yao yamefungwa kamba. Aliwashukuru, akawapa chai, akawaomba wayapeleke kwa jirani.